Kona nzuri kwa bei ya karoti: kisa cha Belo Horizonte

Miaka ya 1990, mfanyabiashara wa mboga aliyetaka eneo la manispaa katika jiji la Belo Horizonte, Brazil, alipewa mkataba ambao dalali wa Kariakoo angeucheka kwanza, kisha akaomba kalamu. Jiji lingempa sehemu nzuri, mahali watu wanapopita kwa wingi. Yeye angeuza bidhaa zipatazo 20 zilizochaguliwa na jiji, kwa bei iliyopangwa na jiji, takriban theluthi mbili ya bei ya sokoni. Vingine vyote dukani mwake angeviuza kwa bei anayoitaka mwenyewe. Na kama ameangukia zile kona bora kabisa, kulikuwa na sharti la ziada: kila mwisho wa wiki apakie mboga na matunda kwenye lori, aende nalo mitaa ya maskini nje ya katikati ya jiji, akauze huko.

Mengi yameandikwa kuhusu Belo Horizonte kama jiji lililoishinda njaa, na baadhi ya sifa hizo zimezidi kipimo. Mkataba ule, hata hivyo, unastahili kusomwa polepole. Kwa njia hiyo jiji halikununua mboga wala halikuzigawa bure, na halikujiingiza katika uchuuzi. Lilikuwa na kitu ambacho karibu kila halmashauri inacho, yaani ardhi ya umma mahali penye watu, likakitumia kulipia unafuu wa karoti.

Ili kuelewa kwa nini eneo lilikuwa na thamani kiasi hicho, tuangalie jiji lenyewe. Belo Horizonte ni makao makuu ya jimbo la Minas Gerais. Lilizinduliwa mwaka 1897 likiwa limechorwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa. Wachoraji walilizungushia barabara ya duara, ambayo leo inaitwa Avenida do Contorno. Ndani ya duara kulikuwa na mitaa iliyonyooka, majengo ya serikali na maduka. Vibarua waliolijenga walibaki nje ya mstari, wakajijengea vilimani bila ramani. Karibu miaka 100 baadaye jiji lilikuwa na watu milioni mbili, lakini bado aliyeishi pembezoni alikuwa na njia mbili za kupata mboga: kibanda cha jirani chenye vitu vichache kwa bei ya juu, au nauli ya basi kwenda mjini. Msomaji wa Chanika au Kayole hahitaji maelezo zaidi.

Halafu kulikuwa na fedha yenyewe. Mwaka 1993 mfumuko wa bei nchini Brazil ulipita asilimia 2,000. Mshahara uliopokelewa mwanzo wa mwezi ulikuwa umeliwa na bei kabla mwezi haujaisha, hata kama hukuugusa. Mwaka huohuo taasisi ya utafiti ya serikali, IPEA, ilichapisha ramani ya njaa iliyohesabu Wabrazili milioni 32 wasio na kipato cha kutosha hata kwa chakula. Herbert de Souza, ambaye nchi nzima ilimwita Betinho, alikuwa akiongoza vuguvugu la wananchi dhidi ya njaa. Serikali kuu nayo, tangu mwaka 1990, ilikuwa ikijiondoa katika vyombo vyake vya ugavi wa chakula. Belo Horizonte kwenyewe, kiasi cha asilimia 11 ya wakazi waliishi katika umaskini uliokithiri, na karibu mtoto mmoja katika kila watano alikuwa na njaa.

Meya aliyeingia madarakani mwaka 1993, Patrus Ananias wa Chama cha Wafanyakazi, alianza na jambo la kiofisi ambalo wengi hulipita haraka. Kwa sheria ya jiji ya Julai mwaka huo aliunda idara kamili ya ugavi wa chakula, yenye watu wake na bajeti yake, na pembeni yake baraza la watu 20 kutoka vyama vya wafanyakazi, wafanyabiashara, makanisa na wananchi wa kawaida. Hakuiweka chini ya ustawi wa jamii. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu asiye na uwezo wa kununua chakula sokoni bado ni raia, na jiji linawajibika kwake kama linavyowajibika kwa yeyote.

Maneno kama hayo hata wanasiasa wetu huyasema majukwaani. Lililonivutia mimi ni ile idara. Chakula kikiwa chini ya ustawi wa jamii, huishia kuwa sadaka: unga kwa wajane, maziwa kwa watoto waliodhoofu, picha gazetini. Kikiwa na idara yake, mtu yuleyule aliyeketi pale anaweza kushika leseni za masoko, chakula cha shule, mikataba na wakulima na bustani za mitaa, na akaviunganisha. Anayepanga nani apate kona ipi ndiye pia anayejua ni mtaa gani hauna duka.

Turudi dukani. Maduka ya mkataba ule yaliitwa ABasteCer, na yalifanya kazi kwa mtindo ambao Wabrazili tayari waliuzoea, wa kuuza mboga na matunda kwa bei moja ya kilo. Mama anaingia na mfuko. Anaokota karoti tatu, bitiruti moja, nusu ya kabichi, ndizi kadhaa, kipande cha boga. Vyote vinawekwa pamoja kwenye mzani mmoja, vinapimwa kwa pamoja, analipa.

Tazama jinsi jambo hilo dogo linavyobadilisha chungu cha nyumbani. Gengeni kwetu nyanya ziko mafungu, karoti mafungu, bamia mafungu. Mwenye pesa kidogo ananunua fungu la nyanya na kitunguu, basi, kwa sababu fungu la tatu halipo mfukoni. Na ukilipima fungu lile kwenye mzani, mara nyingi utakuta mnunuzi wa hali ya chini amelipia kilo yake bei kubwa kuliko aliyenunua sado nzima. Kwa bei moja ya kilo, mwenye pesa ya kilo moja tu anaondoka na aina tano. Mchuuzi naye hapotezi, maana kabichi ambayo ni nzito na ya bei rahisi kwake inafidia kilicho ghali. Kazi yake ni kuchanganya meza yake vizuri kulingana na msimu, na mchuuzi mzoefu huijua kazi hiyo kuliko ofisa yeyote.

Kwa nini mfanyabiashara alikubali? Kwa sababu zile bidhaa 20 zilimletea watu. Aliyekuja kwa viazi vya bei ya jiji alinunua pia vitu vingine kwa bei ya dukani. Eneo lilikuwa la thamani, na bila mkataba asingelipata kwa gharama ile. Mahali hapa ndipo miradi mingi ya bei nafuu huanguka: serikali inatangaza bei elekezi, haitoi chochote, kisha inashangaa bidhaa zimepotea sokoni. Belo Horizonte ilidai bei na ikalipa kwa eneo. Na orodha ilikuwa fupi. Bidhaa 20 zinaweza kukaguliwa na mkaguzi mmoja mwenye daftari, ila orodha ya 200 ingehitaji jeshi.

Sharti la lori la mwisho wa wiki ndilo lililogusa tatizo la umbali moja kwa moja. Mchuuzi mwenye meza nzuri mjini alikuwa anatozwa, kwa namna fulani, kodi ya kwenda vilimani. Faida ya kona ilibeba gharama ya dizeli. Ni busara kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo pia sehemu dhaifu kuliko zote katika mkataba huu. Bei ya karoti dukani mteja yeyote anaiona, na akiibiwa anapiga kelele. Lori lisilofika Jumamosi linaonekana tu na watu wa mtaa ule, ambao sauti yao haifiki ofisini, na mchuuzi ana kila sababu ya kuchelewa, kupeleka mabaki, au kuharibikiwa gari wiki tatu mfululizo. Sharti la aina hiyo linaishi kwa ukaguzi tu. Idara ikipungukiwa watu, litakuwa la kwanza kufa, na litakufa kimyakimya.

Jambo la pili lililofanywa na jiji lilikuwa rahisi hadi linaaibisha. Vijana wa chuo kikuu walitumwa kwenye maduka makubwa kukusanya bei za bidhaa za msingi zipatazo 45. Orodha ikachapishwa: bidhaa hii ni bei gani duka hili na lile. Ikabandikwa vituo vya mabasi, ikasomwa redioni, ikatolewa magazetini. Kumbuka mfumuko ule wa bei. Wakati bei zinabadilika kila siku, mteja hana kumbukumbu ya kumlinda, kwa hiyo hajui kama mchele umepanda kwa sababu kila kitu kimepanda au kwa sababu mwenye duka ameona fursa. Maduka mawili ya mtaa mmoja yangeweza kutofautiana vibaya sana bila mtu kugundua. Karatasi pale kituoni, mbele ya watu wanaosubiri basi na hawana la kufanya ila kusoma, iliwarudishia wateja uwezo wa kulinganisha. Gharama yake ilikuwa nauli za wanafunzi na wino.

Mwaka 1994 Brazil ilileta sarafu mpya, real, na bei zikatulia. Wachambuzi wanaosifu mpango wa Belo Horizonte husahau kutaja kwamba jambo hilo lilitokea mwaka uliofuata kuanzishwa kwake. Kutulia kwa bei kulimsaidia maskini kuliko mradi wowote wa manispaa, na tutalihitaji hilo tukifika kwenye hesabu ya matokeo.

Mwaka huohuo ulifunguliwa mkahawa wa umma, Restaurante Popular, karibu na kituo kikuu cha mabasi. Baadaye ikaongezwa mingine, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 mikahawa hii ilikuwa ikihudumia watu 12,000 au zaidi kwa siku. Wali, maharage, nyama, mboga na tunda kwenye sinia, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu dola. Hakuna aliyeulizwa kipato chake mlangoni. Wengi wa wateja walikuwa watu wa hali ya chini, lakini foleni ilikuwa na askari wenye sare, makarani, wastaafu, wanafunzi. Wapo wanaosema huo ni upotevu, kwamba ruzuku inamwendea karani. Sikubaliani nao. Kumchuja karani kungehitaji vitambulisho, fomu na mtu wa kuzikagua, na foleni ya maskini peke yao ni foleni ambayo maskini mwenye heshima yake hataki kuonekana ndani yake. Isitoshe, chakula kinacholiwa na askari na karani hakitapikwa ovyo. Wanaoweza kulalamika wako mezani.

Kwa wakulima kulikuwa na Direto da Roça, mpango uliowapa wakulima wadogo wa wilaya za jirani vituo maalumu mjini, wauze wenyewe. Kabla ya hapo mazao yalipitia kwa wafanyabiashara wa kati, ambao nyongeza yao ingeweza kufika asilimia 100 ya bei waliyonunulia. Mkulima akipewa meza mjini, nyongeza ile inagawanywa kati yake na mnunuzi. Ila tusiwachore madalali kama mashetani. Dalali anabeba hatari, ana gari, anakopesha mbegu, anajua nyanya zitaoza lini. Mkulima anayekaa mjini siku nzima akiuza hayuko shambani. Kwa hiyo njia hii inawafaa wenye familia ya kugawana kazi na shamba lisilo mbali, na haikukusudiwa kuwa mbadala wa soko la jumla. Idadi ya wakulima waliopata vituo ilikuwa ya makumi, katika jiji la mamilioni. Nadhani faida yake kubwa ilikuwa kuwapa wakazi wa mitaa ile mboga ya asubuhi na bei ya kulinganishia.

Shuleni kuna kitu kitakachomfurahisha msomaji wa ukanda wetu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 ilizikabidhi manispaa ununuzi wa chakula cha shule, na jiji likaanza kuondoa vyakula vya viwandani na kuweka vibichi. Pamoja na hilo, unga wa mikate ya watoto uliongezewa majani ya muhogo yaliyokaushwa na kusagwa, pamoja na maganda ya mayai. Majani hayo kwa kawaida yalikuwa yakitupwa. Sisi tuliokua tukitwanga kisamvu na kukipika kwa nazi tunaweza kutabasamu: wataalamu walifikia kwenye kinu cha bibi. Muhogo wenyewe ulitoka huko Amerika Kusini ukaja Afrika, na watu wa huku waliupokea pamoja na majani yake.

Sasa hesabu. Yote haya yaligharimu chini ya asilimia mbili ya bajeti ya jiji. Vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya kipindi cha takriban miaka 12, na idadi ya watoto wadogo waliolazwa kwa utapiamlo ilishuka sana. Mwaka 2009 taasisi ya World Future Council iliupa mpango huu tuzo yake ya sera bora.

Ni wakati wa kuwa wakali kidogo. Miaka ileile Brazil ilikuwa ikisambaza timu za afya ya familia zilizokwenda nyumba hadi nyumba. Sarafu ilitulia. Kuanzia mwaka 2003 kukaja Bolsa Família, ruzuku ya fedha kwa kaya maskini. Anayesema kwamba maduka ya ABasteCer ndiyo yaliyookoa watoto wote wale anawapa wachuuzi wa karoti sifa ya wauguzi. Jibu la haki ni kwamba mpango ulikuwa kipande kimoja, na huwezi kukikata ukakipima peke yake. Linaloweza kusemwa kwa uhakika zaidi ni jambo lisilong'aa sana: katika jiji lile, kwa gharama ndogo, mtu mwenye pesa kidogo aliweza kupata mboga, matunda na sinia la chakula kwa bei aliyoimudu, na hali hiyo ilidumu miaka mingi.

Kudumu huko ndiko kunakonishangaza kuliko takwimu. Mameya walibadilika, vyama vikabadilika, na mpango haukufutwa. Idara ilishushwa hadhi baadaye katika mabadiliko ya muundo wa jiji, jambo ambalo watu wa ndani walililalamikia kwa haki, lakini mikahawa iliendelea kupika. Naona sababu mbili. Moja ni ile foleni iliyochanganyika: meya anayetaka kufunga mkahawa anamkosea karani na askari pamoja na kibarua. Nyingine ni kwamba maduka hayakutegemea fungu la ruzuku la kila mwaka, linalokatwa kwanza bajeti ikibana. Yalitegemea mkataba wa eneo, na mchuuzi mwenyewe alitaka uendelee.

Linganisha na ngazi ya taifa. Patrus Ananias alikuwa waziri wa maendeleo ya jamii chini ya Rais Lula kuanzia mwaka 2004, na mwaka 2009 sheria ikaagiza angalau asilimia 30 ya fedha za shirikisho za chakula cha shule zitumike kununua kwa wakulima wa familia. Mwaka 2014 Brazil ilitoka kwenye ramani ya njaa ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Mwezi Januari 2019, siku ya kwanza ya serikali mpya, baraza la kitaifa la usalama wa chakula lilivunjwa, na miaka michache baadaye Brazil ilikuwa imerudi kwenye ramani ile. Baraza lilirejeshwa mwaka 2023 na nchi ikatangazwa kutoka tena mwaka 2025. Kilichojengwa juu kwa kalamu moja kilibomolewa kwa kalamu moja, wakati sinia la wali pale kituo cha mabasi lilikuwa na watetezi wenye njaa.

Afrika haijapitwa kabisa. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ulikwenda kujifunza kwa Belo Horizonte katika muongo wa 2010. Kwa upande wetu wa bara nadhani kikwazo hakiko kwenye ujuzi. Mama mboga wa Nairobi na mwenye genge wa Dar es Salaam wanafika tayari mahali ambapo lori la Belo Horizonte lilipaswa kusukumwa liende. Mtandao wa kufikisha mboga uchochoroni tunao, na ni wa kina kuliko wao. Tunachokosa ni kona. Mchuuzi anafika sokoni usiku, anabeba tenga lake kwa bodaboda, na akiliweka mahali penye watu anakutana na mgambo. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa pembezoni mwa barabara na kupelekwa maeneo yaliyopangwa, na hoja iliyotawala mjadala ilikuwa usafi na njia za waenda kwa miguu, hoja zenye uzito wake. Lakini sikusikia mtu akiuliza ni wachuuzi gani kati yao walikuwa wakiuza chakula kibichi, kwa bei gani, na wateja wao wangekula nini wiki iliyofuata.

Halmashauri zetu huona kizimba cha soko kama chanzo cha mapato. Ushuru ukipanda, mkusanyaji anasifiwa. Mkataba kama wa ABasteCer ungeanza kwa mweka hazina kukubali kodi ndogo kwenye kona yake bora, ile iliyo karibu na stendi, kwa sharti kwamba mchicha, nyanya, ndizi na viazi viuzwe hapo kwa bei iliyobandikwa ukutani na kwa mzani uliopimwa. Kisha awepo ofisa mwenye kazi moja tu, kupita kila wiki na daftari. Kifungu cha bajeti kwa ajili ya pengo hilo la mapato kingepaswa kuandikwa chini ya lishe, na mkurugenzi akubali kuulizwa juu yake kwenye kikao cha madiwani.